Betri Ipi Ipande Mlima? Ushauri kwa Wanaounda Gari la Umeme Nyumbani
Hotuba kwa watumiaji, Mkuu, Rombo

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo miaka kumi iliyopita lisingalipata wasikilizaji wengi hapa Mkuu. Mtu ana gari dogo, injini imechoka, bei ya mafuta inapanda. Anataka kuitoa injini hiyo na kufunga mota ya umeme mahali pake. Mota ameiona, fundi anaye, lakini anakwama kwenye betri. Dukani Moshi anaonyeshwa betri za maji, betri kavu na betri za lithiamu, na bei zake zinatofautiana kama kichuguu na Kibo. Anunue ipi?

Wapo watakaosema kwamba gari la umeme la kuundwa na mikono yetu ni ndoto. Hao wamechelewa kupata habari. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kule Uganda kiliendesha Kiira EV, gari la watu wawili lililotumia betri za lithiamu. Hapo jirani Arusha, tangu mwaka 2018 yamekuwapo magari ya kupeleka watalii mbugani yaliyoondolewa injini za dizeli na kufungwa mota za umeme. Mwezi Machi 2022, jijini Dar es Salaam, mchora katuni Masoud Kipanya alizindua gari la umeme alilolibuni na kuliunda hapa hapa nchini. Kwa hiyo swali la kama inawezekana limekwisha kujibiwa. Linalobaki ni swali la mtumiaji: fedha yangu niiweke wapi isipotee?

Tunaanza na betri, na pengine tutamalizia hapo hapo, kwa sababu katika gari la namna hii betri ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya fedha. Tena ndicho kifaa kinachoficha ubovu wake kwa muda mrefu. Mota mbovu utaijua siku hiyo hiyo. Betri mbovu itakubeba wiki tatu, itakubeba mwezi, halafu siku moja itakuacha katikati ya mpando ukiwa na mzigo wa watu nyuma.

Tuchukue mfano wa gari ambalo sote tunalifahamu, kirikuu. Kirikuu chenyewe kina uzito wa kilo 700 hivi, na kiliundwa kibebe kilo 350 za mzigo. Kikipakia kikajaa, pamoja na dereva, tunakaribia tani moja na kilo mia mbili. Sasa kitoke Himo na mifuko ya saruji kije hapa Mkuu kwa njia ya Marangu na Mwika. Ni kiasi cha kilomita 40, na katika safari hiyo tunapanda juu zaidi ya mita 500. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue 500.

Nishati tutaipima kwa uniti, zile zile mnazonunua kwa LUKU, kwa kuwa kila mtu hapa anajua uniti moja inagharimu nini. Kuinua tani moja kwa mita 100 kwenda juu kunahitaji uniti 0.27, hata kama gari lingekuwa kamilifu lisilopoteza chochote. Kwa uzito wa kirikuu chetu na mita 500, ni uniti 1.6. Ongezeni kinachopotea katika mota, nyaya na giaboksi, inakuwa uniti 2 hivi. Hiyo ni ada ya mlima peke yake. Kusukuma gari barabarani kwa kilomita 40, kushindana na upepo na msuguano wa matairi, kunataka uniti nyingine 5. Jumla ni 7. Mtu mwenye busara hapangi safari inayomaliza betri mpaka tone la mwisho, kwa hiyo tuseme anahitaji betri inayoweza kumpa uniti 10 zinazotumika kweli. Shikeni namba hiyo, uniti 10, tutaipima nayo kila aina.

Betri ya risasi na asidi ndiyo kongwe. Iligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo ndiyo inayowasha magari yetu. Iko betri ya maji, ambayo unaiongezea maji yaliyochujwa, na iko betri kavu iliyofungwa. Kwanza tuwaondolee njiani betri ya kuwashia gari, zile N50 na N70 ambazo wengi wetu tumezitumia pia kwa taa za sola. Betri hizo zina sahani nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha zijazwe tena mara moja. Ukiitoa nguvu mpaka karibu iishe, kila siku, itakufa ndani ya miezi michache. Kwa gari la umeme haifai, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Ile inayofaa kufikiriwa ni betri ya risasi yenye sahani nene, iliyoundwa kutolewa nguvu kwa kina. Tuchukue yenye alama ya volti 12 na ampea-saa 100. Kwa alama, ina uniti 1.2. Lakini ukitaka idumu, usiitoe zaidi ya nusu. Kwa hiyo unapata 0.6. Ili kupata uniti 10 unahitaji betri 17. Kila moja ina uzito wa kilo 28 hadi 30. Zidisheni: ni karibu kilo 500. Kirikuu kiliundwa kubeba kilo 350! Mkiondoa injini, tangi na ekzosi mnapunguza kilo mia moja hivi, lakini mota na kidhibiti chake vinarudisha sehemu ya uzito huo. Gari limejaa kabla hujapakia hata mkungu mmoja wa ndizi.

Si sisi wa kwanza kukutana na hesabu hii. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipotoa gari lake la umeme la EV1 mwaka 1996, lilikuwa na betri za risasi zenye uzito unaozidi kilo 500, nalo lilikuwa gari la watu wawili tu.

Na bado hatujafika mlimani. Alama ya ampea-saa 100 iliyoandikwa kwenye betri ya risasi kwa kawaida imepimwa kwa kuitoa nguvu polepole sana, ampea 5 kwa saa 20. Kirikuu chetu kikipanda mlima wa mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mota inadai kilowati 10 hadi 12. Kwa mfumo wa volti 72 hiyo ni ampea 150 au zaidi. Hata ukizipanga betri 18 katika safu tatu zigawane mzigo, kila betri inatoa ampea 50, mara kumi ya kiwango kilichotumika kupima alama yake. Ikitolewa kwa kasi hiyo, betri ya risasi hairudishi chote kilichoandikwa. Sehemu kubwa, theluthi moja au zaidi, hutaiona. Volti zinashuka, gari linapoteza nguvu hasa pale linapozihitaji, na dereva anadhani mota imeharibika. Mwenzake aliyefunga betri zile zile kule Kahe, kwenye tambarare, atamshangaa.

Tusiionee betri hii. Kwa mkokoteni wa umeme wa kuzunguka soko la Himo, au kigari cha kubeba madumu ya maji kwenye uwanja ulio sawa, kilomita tano au sita kwa siku, betri ya risasi bado ni chaguo la heshima. Fundi yeyote anaijua, chaja yake ni rahisi, na hata ikifa chuma chake kina mnunuzi. Ila ijazwe kila inapotumika, isiachwe nusu tupu kwa majuma, kwani hapo sahani zake hujenga ukoko mgumu usioondoka. Na ya maji ijazwe mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu inapojaa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Sasa lithiamu. Neno hili limekuwa kama neno "mboga": linataja vitu vingi. Ukiambiwa tu kwamba betri ni ya lithiamu, bado hujaambiwa unachonunua. Kwa ajili yetu ziko koo mbili. Ya kwanza ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ambayo mafundi huiita LFP. Ya pili ni ya nikeli, manganizi na kobalti, ambayo huitwa NMC. (Kwa njia, nikeli ya namna hiyo iko ardhini kwetu, Kabanga wilayani Ngara, na madini ya kinywe yanayoingia katika karibu kila betri ya lithiamu yako Mahenge. Siku moja huenda tukanunua betri tuliyoichimba wenyewe.) Zinatambulika kwa volti: seli moja ya LFP huandikwa volti 3.2 na hujaa kwenye 3.65, seli ya NMC huandikwa volti 3.6 au 3.7 na hujaa kwenye 4.2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini chaja ya NMC ikifungwa kwenye LFP itaijaza kupita kiasi. Muuzaji asiyeweza kukuambia seli zake ni za ukoo upi, mshukuru na uende duka la pili.

NMC ni nyepesi zaidi kwa nguvu ile ile, ndiyo maana magari mengi ya kiwandani yaliipenda. Lakini ikipata joto kali au ikitobolewa, huwaka kwa urahisi zaidi, na moto wake ni mgumu kuzima. LFP ni nzito kidogo kuliko hiyo, huvumilia joto vizuri zaidi, na hudumu zaidi. Haina maana kwamba haiwaki kamwe. Ikiharibika hutoa gesi zinazoweza kushika moto. Ila kwa gari linalofungwa karakanani, na fundi anayejifunza, bila maabara wala mitambo ya kupoza, ushauri wetu ni wazi: ikiwa unanunua mpya, nunua LFP.

Tuirudishe kwenye namba yetu. LFP unaweza kuitumia asilimia 80 ya alama yake kila siku bila kuiumiza. Kwa uniti 10 unahitaji betri yenye alama ya uniti 12.5. Uzito wake pamoja na sanduku la chuma ni kilo 100 hadi 125. Kumbukeni zile 500. Na ikidaiwa ampea 150 kwenye mpando, inazitoa bila kulalamika na karibu bila kupoteza kilichoandikwa.

Ina tabia moja ambayo dereva lazima aijue. Volti zake hazishuki pole pole kama za risasi. Zinakaa karibu pale pale tangu ikiwa imejaa hadi inapokaribia kwisha, kisha zinaporomoka ghafla. Kwa hiyo mita ya volti peke yake haikuambii umebakiwa na nini. Funga kipimo kinachohesabu ampea zinazotoka na zinazoingia. Si kifaa cha bei kubwa, na bila hicho utajikuta umesimama Mwika usiku.

Betri yoyote ya lithiamu lazima iwe na kidhibiti cha betri, ambacho mafundi hukiita BMS. Kazi yake ni kuangalia kila seli peke yake, na kukata umeme moja ikizidi kujaa, ikizidi kuishiwa au ikipata joto. Tumesikia mafundi wakisema kwamba dereva makini hakihitaji. Dereva hawezi kuwa makini na seli 24 kwa wakati mmoja huku anakata kona za Marangu. Kiwe na uwezo wa ampea unaozidi zile mota inazodai mlimani, la sivyo kitakata umeme katikati ya mpando. Fyuzi nayo iwe ya umeme wa betri, yenye volti na ampea zinazofaa, ifungwe karibu kabisa na betri. Swichi ya kukatia umeme wa nyumbani haikuundwa kuzima cheche za umeme wa betri. Inaweza kuyeyuka ikiwa imeshikana.

Na betri inapojazwa usiku, gari lisiwe sebuleni wala kwenye ujia ambao watoto watapita kukimbia. Liwe chini ya banda, nje. Likishika moto, toeni watu kwanza, sogeeni mbali na moshi wake kwa kuwa una sumu, kisha pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kuna njia ya tatu inayowavutia wengi, nayo ni betri za mtumba zinazotoka katika magari ya umeme yaliyotumika, hasa Nissan Leaf ya Japani. Hatuikatazi. Betri ya Leaf za mwanzo ilikuwa na uniti 24 ikiwa mpya, imegawanyika katika vipande 48, na hata ikibakiwa na asilimia 60 bado ina uniti 14, zaidi ya tunazohitaji. Lakini neno "ikibakiwa" ndilo lenye mtego. Betri hiyo haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo iliyokaa nchi ya joto imechoka zaidi ya umri wake. Kama bado iko ndani ya gari, dashibodi ina vistari 12 vinavyoonyesha uzima wake, hesabu vilivyobaki. Kama imekwisha kutolewa, usilipe mpaka vipande vipimwe kimoja kimoja mbele yako, vijazwe, vitolewe nguvu, vihesabiwe. Kipande kimoja dhaifu hukokota chini safu nzima. Tena, ikiwa nzima, betri hiyo ina volti zaidi ya 350. Hiyo huua. Fundi asiyekuwa na glavu za kuzuia umeme na mafunzo yake asiifungue, hata kama ana mikono ya dhahabu kwenye injini. Betri zilizoungwa kwa seli ndogo za kompyuta za mkononi, zinazouzwa kwa mafungu, hizo hatuzishauri kwa gari hata kidogo.

Tumesema mengi juu ya kupanda. Hapa kwetu kushuka ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi. Magari mengi ya umeme hugeuza mota kuwa jenereta wakati wa kushuka, na umeme unarudi katika betri huku gari likipungua mwendo. Dereva anazoea, anaona breki hazina kazi. Sasa fikirini maisha ya mtu wa Mkuu. Analala juu. Anajaza betri usiku kucha hadi imejaa kabisa. Alfajiri anapakia ndizi na jambo lake la kwanza ni kuteremka. Betri iliyojaa haina mahali pa kuweka umeme unaorudi. Kidhibiti kinakataa kuupokea, na lile zuio ambalo dereva amelizoea linatoweka kwenye mteremko, gari likiwa limejaa. Mtu wa Moshi mjini anayeanza siku kwa kupanda hana tatizo hilo; ninyi mnalo. Kwa hiyo ninyi mnaoishi juu, wekeni chaja isimame kwenye asilimia 80 au 85, na breki za magurudumu zifanyiwe kazi kana kwamba mota haisaidii chochote. Uzito wa gari ukiongezeka kuliko lilivyotoka kiwandani, breki zile za zamani hazitoshi tena. Hii ni sababu nyingine ya kuziogopa zile kilo 500.

Kuhusu bei, tunawaomba msilinganishe bei ya betri na betri. Linganisheni bei ya uniti zote ambazo betri itawapa mpaka ife. Betri ya risasi yenye alama ya uniti moja inatoa nusu uniti kila safari, na ikitunzwa hudumu kama safari 400. Jumla ni uniti 200. LFP yenye alama ile ile inatoa 0.8, na kwa kiwango cha chini cha wastani hudumu safari 2,000. Jumla ni uniti 1,600, mara nane. Kwa hiyo hata muuzaji akikuambia LFP ni mara tatu ya bei, bado kwa mtu anayefanya kazi kila siku ndiyo rahisi. Lakini kama gari litatoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi, safari hizo 2,000 hutazimaliza; miaka itaimaliza betri kabla yako. Hapo hesabu inageuka, na hakuna aibu kununua ya bei nafuu.

Wengine wamesahau LUKU. Kaya iliyo katika bei ya matumizi madogo haipaswi kuzidi uniti 75 kwa mwezi. Gari linalomeza uniti 10 kila usiku linafikisha 300. Mtahamishiwa bei ya juu, na ongezeko hilo litagusa hata umeme wa taa na pasi. Ulizeni TANESCO kabla, na fundi umeme akague kama nyaya za nyumba zinavumilia chaja.

Mnapokwenda dukani, nendeni na mizani. Tunasema kweli. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 yenye kilo 18 ni ya uongo, kwa kuwa risasi haipungui uzito kwa kubandikwa karatasi. LFP ya volti 12.8 na ampea-saa 100 huwa na kilo 10 hadi 13. Ikiwa na kilo 5, ndani yake kuna nusu ya ulichoahidiwa. Ukiwa na nafasi, ijaze, uifungie mzigo wa wati 100 na uhesabu saa. Inapaswa kukaribia saa 12. Ikizima baada ya saa sita, umekwisha kupata jibu.

Uliza kama betri imethibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dai risiti ya EFD, na uhakikishe imeandikwa aina ya betri, ukoo wa seli, volti, ampea-saa, na kama ni mpya au ya mtumba. "Betri 1" haitakusaidia siku ya ugomvi. Dhamana iwe ya maandishi, nayo iseme ni asilimia ngapi ya uwezo ikipotea ndipo unarudishiwa. Dhamana isemayo tu "mwaka mmoja" huacha mlango wazi kwa muuzaji kudai kwamba betri yako bado inawaka taa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji juu ya bidhaa, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC.

Kabla ya kukata chuma chochote, kumbukeni kwamba kadi ya gari inataja injini na aina ya mafuta. Gari lililobadilishwa halilingani tena na kadi yake. Nendeni Mamlaka ya Mapato na kwa askari wa usalama barabarani mwulize utaratibu, na kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Bima iliyokatwa kwa gari la petroli inaweza kukataliwa siku ya ajali.

Limebaki moja, na ni la wale watakaochagua risasi, au walio nazo tayari nyuma ya nyumba. Betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi katika makazi ya watu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Risasi huumiza ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na hakuna dawa ya kuurudisha. Hapa mlimani asidi inayomwagwa kihambani haikai kihambani. Inaingia kwenye mfongo, na mfongo unapita kwa jirani wa chini, na wa chini yake. Irudisheni dukani mliponunua, au mpelekeeni mkusanyaji mwenye kibali cha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ikiwa imesimama wima, vifuniko vimefungwa, asidi ikiwa bado ndani.

Mizani ipo juu ya meza ile, pamoja na mita ya volti na taa za wati 100. Aliyekuja na betri yake ailete, tuanze na ya mzee aliyekaa mbele.